Udongo Uliopikwa Nagongera

Tangu nirudi Lushoto nimeisimulia safari hii vipande vipande. Mama mdogo alisikia ya dhahabu tu, wenzangu wa maabara walisikia ya ndoo tu, na shemeji yangu Hoza anawaambia watu kwamba nilikwenda Uganda kupika udongo, jambo ambalo ni kweli lakini likisemwa hivyo linanifanya nionekane nimechanganyikiwa. Kwa hiyo naiandika yote mara moja, kituo kwa kituo. Vibali, mihuri na tiketi naviruka. Vilikuwepo, vilichosha, vikaisha.

Niwakumbushe kilichonipeleka. Mnaujua mnyauko. Mche wa nyanya uko kijani, una maua, pengine hata matunda, kisha mchana mmoja unalegea kana kwamba umemwagiwa maji ya moto, na haunyanyuki tena. Ni bakteria wa udongoni. Wanaingia kwa mizizi, wanazaana ndani ya shina mpaka wanaziba njia za maji, na mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye udongo uliolowa. Kupulizia majani dawa ni sawa na kumpaka mafuta mtu mwenye njaa. Bonde letu limeshindwa. Baba yangu amehamia kwenye kabichi, na kabichi hazipendi.

Sasa, kuna bwana shamba mmoja wa Busia, upande wa Uganda, anaitwa Wandera. Tulijuana kwenye mafunzo, tukabaki tukitumiana picha za majani yaliyooza kama wengine wanavyotumiana picha za harusi. Siku moja alinitumia picha ya mashamba mawili ya nyanya yaliyotenganishwa na njia ya miguu. La kushoto lilikuwa limekufa lote. La kulia lilikuwa kijani mpaka mwisho wa picha. Chini yake aliandika: "Njoo uone kabla halijang'olewa." Nilidhani anahofia mvua.

Mombo hadi Busia

Kutoka Mombo hadi Nairobi hakuna la kusimulia zaidi ya usingizi. Kutoka Nairobi nilikaa na mama mmoja muuza mitumba aliyetaka kujua kwa nini nimebeba bomba la chuma lenye ncha kali. Nikamweleza ni la kuchukulia udongo wa chini bila kufukua shimo. Akaniuliza udongo wa Tanzania umekwisha au vipi. Nilipomwambia nautafuta udongo ambao ugonjwa umeushindwa, akasema hata kwao Kakamega kuna familia ambazo malaria haiwapati, na hakuna aliyewahi kwenda kuwauliza kwa nini. Niliupenda sana mfano huo, nikautumia baadaye bila kumtaja.

Baada ya Kisumu basi lilitembea vizuri mpaka tulipokaribia mpaka, ndipo tukakutana na foleni ya malori ya mafuta. Sijawahi kuona kitu kama kile. Yalikuwa yamepanga mstari kando ya barabara mpaka yakapotelea kwenye kona, na madereva walikuwa wameshakuwa wenyeji wa pale: mmoja ananyolewa ndevu, mwingine amefunga chandarua chini ya tela, mwingine anakaanga vitunguu kwenye jiko la mkaa. Tulikaa hapo mpaka jua likageuka. Mwisho kondakta akatushauri wenye mizigo michache tutembee, na mimi nikatembea na bomba langu begani, nikisalimiwa na kila dereva.

Busia, pande mbili

Busia ni mji mmoja uliokatwa katikati na watu hawajakubali. Niliona mwanamke akivuka na trei ya mayai kichwani, akavuka tena kurudi na trei tupu, mimi nikiwa bado nafunga kamba za viatu.

Upande wa Uganda niliingia kwenye kibanda cha chakula kumngoja Wandera. Mwenye kibanda alikuwa mama mnene mchangamfu, na tukaelewana Kiswahili vizuri, ingawa chake kilikuwa kimeshapunguziwa mizigo: kila kitu kwake kilikuwa "ya" na "ile". Akaniuliza mimi natoka wapi na nakwenda wapi. Nikamjibu kwamba natoka Tanzania, nimekuja kwa sababu ya nyanya.

"Nyanya iko na shida?" akauliza.

"Inakufa, mama. Nimekuja kuona kama kuna namna ya kuiokoa."

Akaweka chini mwiko. Akaja akanishika mikono yote miwili, akasema pole sana, Mungu iko. Akanipakulia samaki mkubwa kuliko niliyemwagiza, akaongeza ndizi, akakaa mbele yangu kuniangalia nikila. Akauliza nyanya ina miaka mingapi. Nikasema hii ya sasa ina miezi miwili tu, lakini shida yenyewe ni ya miaka mingi. Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa mpaka Wandera alipofika. Wandera alisikiliza kidogo, akacheka akashika ukuta. Huku nyanya ni tunda na nyanya ni bibi, na kwa kuwa wote wawili wanasemwa "ile", mama yule alikuwa ananifariji kwa bibi anayekufa. Nilitaka kumrudishia samaki. Alikataa, akasema hata nyanya ya kula ikikufa yote, hiyo pia ni msiba.

Wandera ni mtu mrefu, mpole, anayeongea akiangalia chini kama vile mazungumzo yameota hapo. Tukiwa bado mezani nilimuuliza kwa nini aliandika kwamba shamba litang'olewa. Akafuta midomo, akasema shamba lile ni la mjane mmoja wa Mukuju anaitwa Agnes Amoding. Kwa misimu kadhaa nyanya za majirani zote zimekufa na zake hazikufa. Watu wameacha kununua kwake sokoni. Watoto wake hawasalimiwi. Kuna asubuhi alikuta mstari mzima umeng'olewa. Na shemeji yake, kaka wa marehemu, ameitisha kikao cha ukoo baada ya mavuno kuamua kama mwanamke mwenye dawa ya namna hiyo aendelee kukaa kwenye ardhi yao.

Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya udongo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kuna mtu juu yake.

Tiira

Ili kujua kwa nini udongo mmoja haugui, lazima uwe na mwingine unaougua, kwa hiyo tulianzia Tiira. Tulikwenda kwa pikipiki mbili, bomba langu likiwa limefungwa ubavuni mwa moja kama mkuki.

Tiira wanalima, lakini wanachimba dhahabu pia, na mashimo yako kila mahali, mengine hatua chache kutoka kwenye mahindi. Barasa, mkulima tuliyemfuata, alikuwa amepanda nyanya kati ya nyumba yake na mashimo ya jirani, na zilikuwa zimekufa zote. Nilipiga magoti, nikasukuma bomba ardhini, nikatoa udongo, nikautia kwenye mfuko na kuuandika jina. Niliponyanyua kichwa kulikuwa na wanaume wamesimama kutuzunguka, wengine wamejaa tope mpaka kifuani, wametoka mashimoni kuja kuona.

Mwenye sauti kati yao aliuliza kwa upole kampuni yetu inaitwaje. Nikasema sina kampuni, natafuta bakteria. Akawatafsiria wenzake kwa Kisamia, na kutokana na walivyotazamana nikajua neno bakteria limefika likiwa na maana ya madini mapya. Akaomba mfuko wangu mmoja. Wandera alinikonyeza nimpe. Yule bwana akaumwaga udongo wangu kwenye karai, akatia maji, akaanza kuuzungusha kwa mikono miwili taratibu, maji yakitoka na tope lake, mpaka ukabaki mchanga mweusi mwembamba kama wanja. Wote tukainama, hata mimi. Sijui nilitarajia nini.

"Hapa hakuna kitu," akasema, akanirudishia mfuko mtupu.

Nikamwambia kiko, ila hakionekani kwa karai. Nikaomba glasi ya maji safi. Barasa akaleta. Nilikata shina la mche ulionyauka karibu na mzizi, nikalishika wima ili ncha yake iguse maji, nikawaomba wangoje. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha kutoka kwenye jeraha la shina ukaanza kushuka uzi mweupe mwembamba, kama maziwa yanayodondoka kwa hofu, ukateremka mpaka chini ya glasi na kutulia. Ukafuata mwingine.

Nimeona jambo hilo mara nyingi na bado huwa nakosa pumzi. Ule uzi ni bakteria wenyewe, mamilioni kwa mamilioni, wanatoka kama watu wanaotoka uwanjani. Mwenye karai aliitazama glasi kwa muda mrefu, kisha akamuuliza Barasa kama na yeye hunywa maji ya kisima kinachomwagilia miche ile. Ilibidi nieleze kwamba huyu anaua nyanya, hamdhuru mtu. Walirudi mashimoni wakijadiliana.

Mukuju

Mukuju nilijifunza kusema "yoga", salamu ya Kiteso, na nikagundua kwamba ukiitamka vizuri hiyo moja unajibiwa kwa mengine mengi usiyoyajua.

Amoding alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alitupokea kwa heshima bila furaha. Nilimwelewa: kila mgeni aliyefika kwake siku hizo alikuwa amekuja kuangalia. Na mimi nikaanza vibaya. Nilikuwa nimetoka kwenye shamba lenye ugonjwa, na matope ya Tiira yalikuwa bado kwenye buti zangu, kwa hiyo kabla ya kuvuka mpaka wa shamba lake niliweka beseni njiani, nikamimina maji na dawa ya klorini ya kufulia, nikasafisha buti, bomba na kisu, nikahesabu kwa sauti ya chini ili nisitoke haraka. Sikuona kwamba watu walikuwa wamesimama upande wa pili wa njia, kwenye lile shamba lililokufa. Walichoona wao ni mgeni aliyejifunga kitambaa kichwani, anamwaga maji mpakani mwa shamba la Amoding huku akinong'ona.

Amoding ndiye aliyeniambia. "Dada," alisema, "umeniongezea."

Nilijisikia vibaya sana. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika, kwa hiyo nikaingia.

Shamba lilikuwa zuri. Nilitembea kwenye mistari nikiwa na furaha ya ajabu, nikishika majani. Nilimuuliza Amoding anafanya nini, na akaniambia bila kuficha: anapanda ulezi, kisha kunde, ndipo nyanya. Anatia samadi ya zizi. Machicha ya ajono, pombe yao ya ulezi, anayatupa humo kwa sababu ndiko karibu. Mumewe hakuwahi kuchoma majani makavu, na yeye hajawahi. Kila moja kati ya hayo lina jirani aliyelifanya pia, na nyanya zake zikafa. Nilimuuliza yeye anadhani ni lipi. Akasema angelijua angelisema zamani, asingengoja kuitwa mchawi.

Karibu na mwisho wa shamba niliona mche mmoja umelegea. Nilisita, halafu nikaukata na kuomba glasi. Majirani walikuwa wamesogea mpaka kwenye njia. Uzi ulishuka, mwembamba kuliko wa Tiira, lakini ulishuka.

Amoding aliufunika mdomo kwa kanga. Mimi nilitaka kupiga kelele kwa furaha, na ni lazima niwaeleze kwa nini. Kama ugonjwa usingekuwepo shambani mle, basi ingekuwa bahati tu, haujafika. Lakini ulikuwepo, ulikuwa umefika kama kwa wengine, na bado ulikuwa umeshindwa kutoka kwenye mche ule mmoja. Kitu fulani mle udongoni kilikuwa kinauzuia.

Nililieleza hilo kwa wote pale njiani, Wandera akitafsiri. Nikasema udongo mzima umejaa vijidudu, na wengi wao si wabaya. Adui akiingia kwenye nyumba iliyojaa watu, kila kiti kina mwenyewe na kila sahani ina mkono, atakaa wapi na atakula nini? Wengine humo ndani hata wanamfahamu na wanampiga. Nadhani nilieleza vizuri. Nilipomaliza, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alisema kitu kifupi na watu wakaguna kukubali.

Ndiye Okiror, shemeji mtu. Alikuwa amesema kwamba basi dawa ya huyu mwanamke imeanza kuisha nguvu.

Nilimwendea. Nilimsalimia, nikamwomba anisaidie kufikiri. Hakuwa mtu mbaya. Nyanya za shamba lile lililokufa zilikuwa zake, na alikuwa amezipanda ili alipe karo za wajukuu. Alinitazama, kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, ili nisikose hata neno lake moja:

"Wewe nasema ni vijidudu. Mimi nasema ni mkono ya huyu mama. Ua hiyo vijidudu yako, toa huyu mama, tuone."

Nimesoma miaka mingi, na huo ndio mpango wa jaribio ambao ningeuandika mimi. Chukua udongo wa Amoding. Nusu uuache mbichi, nusu uupike mpaka kila kilicho hai kife. Tia adui kwenye zote. Kama kinga inatokana na viumbe hai, udongo uliopikwa utapoteza kinga. Kama inatokana na mkono wa Amoding, basi Amoding asiuguse kabisa.

Tulikubaliana hapo hapo. Okiror angechimba udongo mwenyewe. Amoding asingeugusa wala kufika utakakopelekwa. Amoding alikubali akiwa ametazama pembeni. Jioni alitupikia atapa, ugali wa ulezi, na kunde zilizoungwa kwa karanga, tukala bila maneno mengi, na wakati wa kuondoka akaniuliza swali ambalo nilikuwa sijajiuliza. Akauliza, na kama udongo mbichi nao ukishindwa?

Ukishindwa, watasema ni kweli: umetoka mkononi mwake, umekufa. Nilikuwa nimeweka shamba lake na nyumba yake ndani ya ndoo, na sikuwa nimewaza.

Nagongera

Tulihitaji mahali mbali na mashamba ya nyanya, penye mtu makini. Wandera alimjua Mwalimu Nyaketcho, mwanamke Mjapadhola aliyefundisha kilimo na sasa amestaafu nyumbani kwake nje kidogo ya Nagongera, mwenye kibanda cha wavu alichokuwa ameacha kukitumia. Mwalimu alisikiliza habari yote akiwa anachambua mboga, akauliza swali moja tu: nani atapika?

Tulipika sote. Tulipata pipa, tukaweka mawe na maji chini, wavu juu yake, udongo wa Okiror juu ya wavu ndani ya magunia, tukafunika na kuwasha kuni. Udongo ukipikwa unanukia. Mwanzoni ni kama mvua ya kwanza, kisha kama maharage, kisha harufu ambayo siwezi kuifananisha na kitu, ila niliionea huruma. Moshi ulionekana kutoka barabarani, na mchana ule bwana mmoja wa jirani alifika akiwa nadhifu, amebeba mrija wake mrefu wa kunywea pombe, akavuta kigoda akaketi kwa adabu karibu na pipa. Mwalimu alimwacha akae muda mzuri kabla ya kumwambia kilichomo. Bwana yule alifungua kifuniko ahakikishe. Alinitazama mimi, akamtazama Mwalimu, akasema kwa masikitiko kwamba Tanzania lazima kuna njaa.

Tulipanga ndoo. Nyingine zilikuwa na udongo wa Tiira, nyingine udongo wa Mukuju mbichi, nyingine wa Mukuju uliopikwa, na chache zilikuwa na uliopikwa kisha ukachanganywa na konzi ya mbichi, kwa udadisi wangu mwenyewe. Mwalimu alipanda miche ya aina moja katika zote. Miche iliposhika nilikata ndani ya maji mashina yenye ugonjwa yaliyoletwa kutoka Tiira, yale maji yakawa meupe kidogo, nikaigawia kila ndoo kiasi kile kile.

Halafu tukangoja, na kungoja ndiyo safari yenyewe. Mwalimu alinipikia magira, kunde zilizokobolewa na kupondwa zikawa laini kama uji mzito, nikazipenda mpaka nikawa nazidai. Nilihesabu majani kila asubuhi. Nilimpigia baba, akaniuliza kama nimeshapata dawa, nikamwambia naangalia ndoo. Akasema kabichi zake zina viwavi.

Miche ya udongo wa Tiira ilianza kulegea, kama tulivyotarajia. Siku hiyo hiyo mche mmoja kwenye udongo uliopikwa ulilegea, halafu yote ikalegea, haraka kuliko hata ile ya Tiira. Nyumba ilikuwa tupu, chakula kiko mezani, mlango wazi, na adui aliingia akatamalaki. Zile za mchanganyiko ziligawanyika, nyingine zikafa, nyingine zikabaki. Na mbichi zilikuwa zimesimama. Kisha asubuhi moja nikakuta mche katika ndoo mbichi umeinamisha kichwa. Nilikaa chini kwenye kibanda. Mwalimu alikuja akasimama karibu yangu, tukaungoja ule mche pamoja kama watu wanaongoja nje ya wodi. Jioni ulikuwa umekufa. Mingine haikuufuata. Kesho yake haikufuata, wala siku iliyofuata.

Siku ya soko Okiror alikuja na wazee wawili wa ukoo wake. Sikuwaeleza kitu. Walizunguka ndoo taratibu. Okiror alichota udongo uliopikwa akaunusa, akachota mbichi akaunusa. Akamuuliza Mwalimu kama Amoding amefika hapa. Mwalimu alisema hajawahi kumwona mtu huyo maishani mwake. Okiror akainama kwenye ndoo ya miche iliyokufa, kofia mkononi.

"Hii nilichimba mimi," akasema. Hakuwa anatuambia sisi.

Baadaye, tukinywa chai, aliomba magunia ya udongo wa Amoding apeleke shambani kwake. Nilijua lingekuja. Ilibidi nimkatalie, na lilikuwa jambo gumu kumkatalia mtu aliyekuja mpaka hapo. Nilimwambia udongo ule una walinzi, lakini mmeuona uzi kwenye glasi: una adui pia, na ukiuhamisha huwezi kujua umembeba nani zaidi. Tena hata konzi zangu hazikuokoa ndoo zote. Kitu ambacho kingeweza kumsaidia ni kuulea udongo wake mwenyewe, ulezi na kunde kwanza, samadi, misimu kadhaa, bila nyanya. Na sikuweza kumwapia. Sijui ni kiumbe gani, au ni jamii gani ya viumbe, iliyofanya kazi ile. Sampuli ziko maabara ya kule na tutazichunguza kwa miaka.

Aliuliza nani atamwonyesha namna ya kuulea. Nikamwambia ni mtu mmoja tu ninayemjua. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha kabla ya kujibu kwamba nyumba ya huyo mama iko karibu na yake.

Tororo na nyumbani

Kabla ya kuondoka tulipika tena kila kitu, ndoo zote, ili adui asibaki Nagongera kwa ajili yangu. Jirani mwenye mrija alituangalia kwa mbali, hakukaribia.

Tororo nililala usiku mmoja, nikitazamana dirishani na ule mwamba mkubwa uliosimama juu ya mji, na Wandera akaja kuniaga. Kikao cha ukoo kilikuwa kimefanyika siku hiyo. Wandera hakuruhusiwa kuingia, lakini maneno hayakai ndani. Walipouliza kuhusu dawa ya Amoding, Okiror alisimama na kusema: "Udongo ule ulitoka kwa mkono yangu. Kama ni uchawi, mchawi ni mimi." Kikao kikahamia kwenye jambo la ng'ombe.

Nilivuka Busia, nikapanda basi, nikalala tena njia nzima. Udongo sikuleta. Wengi mlioniuliza hilo kwanza, jibu ndilo hilo. Baba nimemwambia kuhusu ulezi, na anasema atafikiri, maana ulezi haujawahi kupandwa kwenye bonde lake na watu watacheka.

Wiki iliyopita Amoding alinitumia ujumbe wa sauti. Mvua za huko zilikuwa kubwa, maji yakatuama kwenye kona ya chini ya shamba lake, na mnyauko ukaila kona yote. Lakini sauti yake ilikuwa na wepesi ambao sikuwahi kuusikia Mukuju. Alisema majirani walikuja kumsaidia kung'oa na kuchoma, Okiror wa kwanza, na wanawake walileta chakula, na walikaa mpaka jioni wakilaumu mvua.

"Dada," alisema, "nyanya yangu imekufa kama ya watu." Kuku walisikika nyuma yake. "Sasa mimi ni mutu kama watu."